Somo la Deni: Bei ya Khiyari ya Jana na Mkopo wa Simu wa Leo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, katika msimu wa kusi uliopita, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, alinifuata mtu katika baraza ya chuo. Nae ni mvuvi, baba wa watoto wawili ninaowasomesha. Akanambia, "Maalim, nataka uniandikie kombe." Nikamuuliza, "Kombe la nini, bwana? Nani mgonjwa kwako?" Akasema, "Hapana mgonjwa. Nataka la kuondoa nuksi. Pesa haikai mkononi mwangu. Yaingia asubuhi, jioni sijui imekwenda wapi."

Nikamwambia aniletee karibu hiyo simu yake, anisomee zile jumbe za pesa moja moja. Tukatwaa ubao wa mtoto na chaki, tukaandika. Ikabainika ya kwamba mwaka uliotangulia, bahari ilipochafuka na mashua zikakaa pwani, alikopa kwa simu shilingi 5,000, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Siku ya kulipa ilipofika hakuwa na akiba, basi akaazima kwa jirani, akalipa asubuhi, na jioni akakopa tena 5,000 zile zile amrudishie jirani. Akafanya hivyo mwezi wa pili na wa tatu, hatta miezi 12 ikatimia. Kila mwezi ada yake ni shilingi 375. Mara 12 ni shilingi 4,500. Akautazama ubao kwa muda, kisha akasema, "Basi mimi nimelipa karibu ya lile deni zima, na deni liko pale pale."

Sikumwandikia kombe. Lakini aliniuliza suali ambalo wengi katika nyinyi mnaliuliza, nalo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Aliniuliza, "Maalim, hii ni riba? Maana wao hawasemi riba, wasema ada."

JAWABU. Jueni ya kwamba katika sharia kukopesha, ambako maulamaa hukuita qardh, ni akidi ya ihsani wala si akidi ya biashara. Mtu humpa mwenzake mali ili arejeshe mfano wake, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Kwa hivyo maulamaa wa madh-hab yetu, kama alivyoeleza Imamu Nawawi aliekufa mwaka 676 wa Hijra, wamesema ya kuwa mwenye kukopesha akishurutisha arejeshewe zaidi ya alichotoa, akidi hiyo imefisidika. Ama mwenye kukopa akirejesha kilicho bora kwa hiari yake mwenyewe, pasina sharti wala maagano, hilo ni jambo jema, na Mtume wetu (s.a.w.) alilifanya. Aliazima ngamia mdogo, akarejesha ngamia aliekuwa bora kuliko yule. Tazameni tafauti iliyoko. Ziada ni ile ile kwa macho, lakini ya kwanza imetolewa kwa kulazimishwa na ya pili kwa ukarimu.

Na riba ya watu wa Jahiliya ilikuwa namna hii: deni linapofika ajali yake, mwenye mali humwendea mdaiwa akamuuliza, walipa sasa au niongeze muda nawe uongeze mali? Asiekuwa na kitu alikubali kuongeza. Mwaka wa 10 wa Hijra, katika Hija yake ya kuaga, Mtume (s.a.w.) aliibatilisha riba yote hiyo, na ya kwanza aliyoanza kuibatilisha ni ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul-Muttalib. Hakuanza na riba ya watu mbali. Nanyi tieni jambo hilo akilini, kwani nitalirejea.

Sasa tuipime ile ada. Mwenye kuitetea husema: huu ni ujira wa kazi, kwani kampuni ina mitambo na watumishi, nao hawafanyi kazi bure. Maneno haya yana sehemu ya kweli, wala si insafu kuyatupa yote. Ujira wa kazi ni halali. Ukimpelekea mamako pesa Lamu au Tanga kwa simu, ukatozwa kitu kwa kufikishiwa, hapo umelipa ujira wa kufikishiwa, na hapana neno. Lakini ujira hufuata kazi. Kukuandikia shilingi 500 katika simu yako na kukuandikia shilingi 5,000 ni kazi moja, kama vile mwandishi kuandika tarakimu tatu au nne. Mbona basi ada ya huyu ni mara kumi ya ada ya yule? Na mwezi ukipita hujalipa, kazi gani mpya iliyofanywa hatta ada ikatozwa mara ya pili? Hapana kazi iliyofanywa illa siku zimepita. Na siku ni za Mwenyezi Mungu, si za kuuzwa. Basi kila ziada ya mkopo iliyoshurutishwa, ikawa yapanda kwa wingi wa mali au yaongezeka kwa kupita muda, hiyo ndiyo riba, hatta ingaliitwa ada, au huduma, au hidaya.

Mikopo hii haina miaka mingi. Katika Kenya, ule uitwao M-Shwari ulianza mwezi wa Novemba 2012, benki na kampuni ya simu wakishirikiana, na ada yake ilikuwa hiyo asilimia 7.5. Tanganyika, ambayo sasa ni Tanzania Bara, ulikuja M-Pawa mwaka 2014. Kisha mwezi wa Januari 2019 ikaja Fuliza katika Kenya, nayo ni nyepesi zaidi na kwa hivyo ni ya kuogopwa zaidi. Mtu yuko dukani, anunua unga, pesa yake haitoshi, simu yamkamilishia, na tangu hapo ada ikahesabiwa kwa siku. Zamani mwenye kukopa alikuwa na haya. Alizunguka mlango wa tajiri mara tatu kabla ya kubisha hodi, na pengine ile haya ikamrudisha nyumbani akala muhogo. Leo hapana mlango wala uso wa mtu. Kidole kimoja chatosha.

Walakini msidhani ya kuwa jambo lenyewe ni geni. Sisi watu wa pwani tumekwisha kupita njia hii, na mababu zetu walipotea mashamba yao ndani yake. Wazee wa Unguja na Pemba waliijua bei ya khiyari. Mwenye shamba la karafuu akihitaji fedha, humwendea mwenye mali, nae hamkopeshi kwa jina la kukopesha. Huandikiana ya kuwa shamba limeuzwa kwa thamani kadha, na muuzaji ana khiyari ya kulirejesha akileta fedha ile ile kabla ya muda fulani. Kisha muuzaji hubaki ndani ya shamba lake kama mpangaji, akalipa kodi kila mwaka. Kwa nje mwaona bei na kodi, na vyote viwili ni halali. Kwa ndani hapana bei wala kodi. Kuna fedha iliyokopeshwa, na kuna ziada iliyopewa jina la kodi, na shamba ni rahani. Karafuu ikishuka bei, kodi hailipiki, muda hupita, na shamba hukatika.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, madeni ya wenye mashamba yalikuwa yamekwisha kuwa makubwa hatta serikali ya Unguja ikapitisha sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi ya Mwarabu na Mwafrika isihamishwe kwa asiekuwa katika wao pasina idhini. Watu wakizungumza khabari hizo hupenda kuwalaumu wakopeshaji wa Kihindi tu. Mimi sikubaliani nao. Dhambi haina kabila. Karatasi zile ziliandikwa kwa mikono ya Waislamu, wakashuhudia Waislamu, na mkopaji alipotia saini alijua moyoni mwake ya kuwa hakuuza kitu.

Huenda mwanafunzi akasema: lakini, shekhe, madh-hab yetu hutazama dhahiri ya akidi, na katika maulamaa wa Hadhramaut wa zama za nyuma wamo wengi walioijuzisha bei hiyo kwa jina la bei ya uhda. Kweli. Nami sifichi ilimu. Waliijuzisha kwa haja ya watu, na kwa sharti kwamba ahadi ya kurejesha isitiwe ndani ya akidi yenyewe. Ama bei iliyoshurutishwa khiyari ya mwaka au miaka miwili ndani yake, hiyo katika madh-hab ya Shafii haisihi, kwani khiyari ya sharti kwetu haizidi siku tatu. Na hatta akidi ikiwa sahihi kwa dhahiri yake, mtu na nia yake mbele ya Mola wake ni mas'ala mengine. Kadhi huhukumu karatasi. Siku ya Kiyama hatusomewi karatasi peke yake.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Tusiikamie simu peke yake, hali ya kuwa sisi kwa sisi twala riba katika mitaa yetu na kuiita msaada. Mwatazameni tajiri wa samaki. Humpa mvuvi nyavu, au fedha ya mashine na mafuta, akamwambia, "Sitaki faida, nduguyo nakusaidia. Lakini samaki wako wote utaniuzia mimi." Kisha hununua kwa bei iliyo chini ya bei ya soko. Mtume (s.a.w.) amekataza kukusanywa mkopo na bei pamoja, na hekima yake yaonekana wazi bandarini: ile faida aliyoona haya kuitoza katika fedha ameitwaa katika samaki. Na tajiri huyu humwona safu ya kwanza msikitini, na pengine ndie aliechangia mazulia.

Na mwenye kuwekewa rahani minazi, akaangua nazi mwaka baada ya mwaka, na deni halipungui hatta senti moja, nae ni vivyo hivyo. Mazao ya kilichowekwa rahani ni ya mwenyewe alieweka. Rahani ni ya kumtuliza moyo mwenye kudai, si shamba la kula. Haya yako katika vitabu tunavyosomesha watoto, nasi twayapita upesi upesi ili tukhitimu.

Ndipo nawaambia mkumbuke Abbas. Mtume (s.a.w.) alianza kwa ami yake.

SUALI. Mtu akisema, "Mimi nimekopa kwa dharura," ana udhuru? Jawabu: dharura ni neno zito, nalo hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye mtoto hospitali, asieona njia nyingine baada ya kutafuta kweli kweli, Mwenyezi Mungu anajua hali yake, nami sitamkalia juu ya shingo. Lakini wengi wa wanaokuja kwangu hawakukopa kwa hayo. Wamekopa kwa arusi, ili watu wasiseme. Vijana wamekopa kwa kamari ya mpira, na hilo ni dhambi juu ya dhambi, lastahiki kijitabu chake mbali. Na wengine, ambao ndio nawahurumia zaidi, walikopa kwa chakula cha siku tatu nao hawakuwa na mtu wa kumwendea. Huyu wa mwisho, dhambi ya ufukara wake wa marafiki yatuangukia sisi.

Naam, sisi. Kwani mvuvi yule nilipomuuliza kwa nini hakukopa kwa majirani tangu awali, alicheka kidogo, akasema, "Maalim, nani hukopesha siku hizi?" Na ni kweli. Lakini walio na mali nao wana hoja yao, nami nimeisikia kwao mara nyingi: wakikopesha hawarudishiwi. Mdaiwa huwa hodari wa kuahidi. Hubadilisha njia ya kwendea msikitini asikutane nao. Kutoka kwa Mtume (s.a.w.) imepokewa ya kuwa alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu yake akabainisha ya kuwa mwenye deni akisema husema uwongo na akiahidi huvunja. Na mwenye uwezo akichelewesha kulipa, huko kuchelewesha ni dhulma. Basi qardh imekufa baina yetu kwa ubakhili wa huyu na khiyana ya yule, na mahali pake pakaingia simu, ambayo haimwonei haya mtu wala haimhurumii.

Na imekwisha kufanya kubwa zaidi ya ada. Wakopeshaji wengine walikuwa wakiingia katika simu ya mdaiwa, wakatwaa majina ya jamaa zake na mabwana zake wa kazi, wakawapigia kumfedhehesha. Katika Kenya jambo hilo lilikithiri hatta sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa mwaka 2021, na kanuni zikatolewa mwaka 2022, wakopeshaji wa namna hiyo wakatakiwa kuwa na leseni, na kukatazwa vitisho na kuwapigia watu walioko katika simu ya mdaiwa. Serikali imefanya jema kwa hilo. Lakini kanuni yazuia matusi, haizuii riba.

Yule mvuvi niliwasemea watu sita wa msikiti wetu. Wawili wakakataa, mmoja kwa adabu. Wanne wakakusanya zile shilingi 5,000. Tukaandika kama ilivyoamriwa katika Aya ya deni, ambayo ndiyo ndefu kuliko Aya zote za Qurani: kiasi, muda, mashahidi wawili. Watu wa pwani twaona haya kuandikiana na ndugu, twasema, "Baina yetu hapana karatasi." Haya hiyo si katika dini. Karatasi ndiyo iliyowapa wale wanne moyo wa kutoa. Atalipa 500 kila mwezi kwa miezi kumi. Mwezi wa tatu hakulipa, bahari ilikataa, akaja mwenyewe kabla ya kuitwa akaeleza, nao wakampa muda, kwani mwenye dhiki kupewa muda ni amri iliyo katika Suratul-Baqara, na kusamehewa ni bora zaidi. Mpaka naandika haya amebakiwa na shilingi 2,000.

Na kuna mlango mwingine ambao tumeufunga kwa mikono yetu. Katika wale wanane wanaostahiki Zaka, waliotajwa katika Suratut-Tawba, wamo wenye madeni. Mwislamu aliekopa kwa haja yake isiyo ya maasi, deni limefika wakati wake nae hana cha kulipia, huyo huitwa gharimu, na yafaa alipiwe katika Zaka. Nasi kila Ramadhani twaipasua Zaka vipande vipande, kila mtu shilingi mia mlangoni, hatta asimnufaishe yeyote. Mfanya biashara mmoja angaliwatwaa madaiwa watano wa mtaa wake akawatoa shimoni, wasingaliihitaji simu mwaka ujao. Lakini tahadharini na jambo moja. Mwenye kudai akimwambia mdaiwa wake fukara, "Deni langu kwako nimelifanya ndiyo Zaka yangu," kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madh-hab yetu haimtoshelezi. Ampe Zaka mkononi pasina kushurutisha. Kisha yule akipenda kumlipa deni lake kwayo, ni hiari yake.

SUALI. Mtu amekwisha kukopa kwa simu, na sasa ametambua ya kuwa ni riba. Aache kulipa? Jawabu: asiache. Rasilmali ni haki ya mwenyewe, awe Mwislamu au asiwe, na kula mali ya mtu kwa kisingizio cha kukimbia haramu ni haramu ya pili. Niliwasikia vijana wawili wakisema ya kuwa wamevunja laini zao za simu "kwa ajili ya dini". Dini haikuwatuma. Ama ile ziada, katika sharia haikulazimu, lakini ikiwa sheria ya nchi yakulazimisha na hukuweza kujikinga, ilipe ujiokoe na madhara, na dhambi ya kuitwaa iko kwa mwenye kuitwaa. Juu yako wewe ni kutubia kwa kuingia ndani yake, na usirudi jioni.

SUALI la mwisho, nalo waliniuliza warithi wa maiti mmoja. Alikufa na deni la simu, simu wakaizima, laini wakaitupa. Je, limekwisha? Jawabu: halikwisha. Deni hutolewa katika tirka baada ya gharama za maziko, kabla ya wasia na kabla ya warithi kugawana hatta mkeka. Waitafute ile laini, wajue rasilmali iliyobaki ni ngapi, wailipe. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari mbili au tatu, kwa kukhitalifiana riwaya, wala hakuacha kitu cha kulipia. Akawaambia Sahaba zake wamsalie wao, yeye akakaa nyuma, mpaka Abu Qatada alipochukua dhamana ya kulilipa ndipo akamsalia. Baadae, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu mali, akawa huwalipia yeye mwenyewe wafao na madeni wasiache kitu.

Basi maimamu wa misikiti yetu wanapouliza, jeneza likiwa mbele yao, "Mwamshuhudia vipi maiti huyu?" na watu wakajibu, "Mwema," na waulize pia, "Nani amdai?" Na mwenye kudai akisimama, na asimame mtu mwengine wa kudhamini.

Wallahu aalam.